Maswali 33 Barazani

Mwaka 2014 binti yangu alirudi likizo kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, alikokuwa akisoma saikolojia, na mkobani mwake mlikuwa na karatasi mbili na kalamu nyekundu. Ilikuwa baada ya isha, umeme umekatika, tumekaa barazani nyumbani Chake, Pemba, mimi na mama yake, taa ya chemli katikati. Akaniambia, "Baba, nina maswali thelathini na tatu ya hasira za barabarani nataka nikuulize. Nimeyatafsiri mwenyewe. Wewe utaje nambari tu, moja mpaka tano. Moja, jambo hilo halikukasirishi hata kidogo. Tano, linakukasirisha mno."

Nilikubali kumfurahisha. Akaniuliza: gari ya mbele inakwenda polepole kwenye barabara ya milima, haikai pembeni ikakupisha. Nikasema mbili. Mke wangu alikuwa akimenya machungwa. Kisu kikasimama. "Mwanangu, usiandike hiyo. Andika nne."

Tulikwenda hivyo mpaka mwisho. Mimi nataja nambari, mke wangu anaisahihisha, binti anaandika zote mbili, yangu safu hii na ya mama yake safu ile. Tulipojumlisha, mimi nilijipa 71. Mke wangu alinipa 118. Jumla kubwa kabisa anayoweza kupata mtu ni 165. Binti yangu alizitazama zile hesabu mbili, kisha akasema kwa upole, "Baba, mimi kinachonishughulisha ni hii tofauti."

Sikumjibu. Mimi na mama yake tulijua kwamba safu yake haikutoka hewani. Ilitoka kwenye mguu wa mpwa wangu.

Niliendesha gari ya abiria ya njia nambari 603, Chake kwenda Mkoani, kwa miaka 11. Kwa asiyeijua Pemba: ni safari ya kama kilometa 30, milima juu ya milima, kona juu ya kona, mikarafuu na migomba imeegemea barabara huku na huku. Gari yangu ilikuwa kigari cha mizigo kilichojengewa bodi, mabenchi mawili yanayotazamana, abiria wanaingia kwa nyuma. Utingo anasimama kwenye kidaraja cha nyuma, ameshika chuma, na anazungumza na dereva kwa kugonga bodi. Akigonga mara moja, simama, kuna wa kushuka. Akigonga mara mbili, twende. Boti ikifunga gati Mkoani, kila dereva anataka wale abiria wenye mizigo, na kila dereva anataka awafikishe Chake mapema arudi kuchukua wengine.

Mwaka 2012 Ramadhani iliangukia Julai na Agosti, karafuu zimeshaanza kuchumwa. Kandokando ya lami, kijiji baada ya kijiji, yametandikwa majamvi, karafuu zimemwagwa zinakauka, bibi na wajukuu wamekaa kuzigeuza na kuzichungia mvua. Barabara ambayo kwa asili ni nyembamba inazidi kuwa nyembamba.

Alasiri moja nilitoka Mkoani na abiria 14. Tumeshaipita Mtambile, nyuma yangu ikatokea gari ndogo nyeupe. Ikapiga honi. Ikapiga tena. Ikawasha taa kubwa mchana kweupe. Kisha ikanipita kwenye kona na kujichomeka mbele yangu, nikafunga breki, nikasikia abiria wanaangukiana nyuma. Yule dereva akatoa mkono dirishani, kiganja kimegeuzwa juu. Mpaka leo sijui mkono ule ulisema nini. Huenda ulisema kumradhi. Huenda alikuwa na mgonjwa. Wakati ule sikuwa na shaka hata chembe: ulisema mimi si kitu.

Nikakanyaga mafuta.

Mpwa wangu alikuwa utingo wangu, kijana wa miaka 19, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja. Alipiga kelele kutoka nyuma: "Mjomba, mwache aende! Mjomba!" Nilimsikia. Watu wengi wamenipa udhuru kwamba upepo na injini havikuniwezesha kusikia, na nimewahi kuukubali udhuru huo mbele za watu. Nilimsikia vizuri.

Sikuwa na haraka. Jambo hili nataka lieleweke, kwa sababu kila mtu hudhani dereva wa abiria anakimbia kwa ajili ya wakati. Magharibi ilikuwa bado zaidi ya saa nzima, futari yangu ilikuwa inanisubiri, abiria wangu walikuwa ndani, hakuna wa kugombea. Nilikuwa nafukuza kiganja cha mkono.

Kwenye mteremko mbele yetu matone ya mvua yalianza kudondoka, na mtoto wa kike akaruka kutoka kibarazani kuja kukunja jamvi la karafuu lililokuwa ukingoni mwa lami. Nilimkwepa. Gurudumu la kulia likatoka barabarani, bodi ikalala, gari ikapinduka polepole ndani ya shamba la mihogo. Polepole hiyo bado naiota. Yule mtoto hakuguswa, Alhamdulillahi. Abiria walitoka na michubuko na nguo zimechanika. Lakini aliyesimama nyuma hana pa kukimbilia gari ikilala. Mguu wa mpwa wangu ulibanwa na chuma kile kile alichokuwa amekishika, ukavunjika mahali pawili. Umeunga, lakini umebaki mfupi kwa kiasi cha vidole viwili.

Usiku ule nilikwenda kwa dada yangu. Nilijitayarisha kwa kilio na kwa laana. Hakulia wala hakulaani. Aliniuliza neno moja: "Ndugu yangu, huyo mtu uliyekuwa ukimfukuza, alikuibia nini?"

Sikuwa na jawabu. Nilikaa nalo swali hilo miaka miwili, bila ya kushika usukani, nikifanya vibarua vya shamba, mpaka usiku wa zile karatasi barazani.

Binti yangu alinieleza kwamba maswali yale yalitungwa Marekani na Jerry Deffenbacher na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado State, yakachapishwa 1994. Yamegawanywa mafungu sita: watu wanaokufanyia ishara za chuki au matusi, watu wanaovunja sheria, kuwepo kwa polisi, watu wanaokwenda polepole, watu wasio na adabu barabarani, na vizuizi kama mashimo na msongamano. Akanionyesha fungu kwa fungu kwa ile kalamu nyekundu. Kwenye vizuizi, mimi na mke wangu tulikubaliana: moja, moja, mbili. Trafiki wakinisimamisha, mbili. Mashimo, foleni ya ng'ombe, lori lililoharibika, yote hayo nayachukulia kama mvua, yananyesha na yanakatika. Lakini kwenye fungu la ishara na fungu la ukosefu wa adabu, mke wangu alikuwa ameandika tano, tano, nne, tano.

Hapo nikalipata jawabu la dada yangu, nimechelewa miaka miwili. Nilidhani ameniibia heshima.

Binti alisema jambo jingine ambalo nilimwomba alirudie. Watafiti hao waliwaweka watu kwenye mashine inayoigiza udereva, wenye hasira nyingi za barabarani na wasio nazo. Pale walipozuiwa na gari za mbele wasiweze kupita, wale wenye hasira walielekea kugonga mara mbili zaidi kuliko wenzao. Hasira zao si kwamba zinawaka saa zote. Zinangojea kichocheo. Nilijiona mimi mtupu. Baada ya alfajiri, barabara haina mtu, ukungu umekaa mabondeni, hakuna dereva mpole kuliko mimi Pemba nzima. Nilikuwa nasimama kuwapisha kuku. Kwa hiyo kila nilipojipima, nilijipima kwa ile alfajiri, na mke wangu, ambaye amepanda gari yangu mchana wa siku ya boti, alinipima kwa mchana huo.

Nimefikiri sana kwa nini barabara inanitoa roho kuliko sokoni. Sokoni Chake mtu akikupiga kikumbo, anageuka, unamwona uso, anasema kumradhi, na jambo limekwisha kabla halijaanza. Barabarani humwoni mtu. Unaona bati. Na bati lina ulimi mmoja tu, honi, ambayo hiyo hiyo ndiyo salamu, ndiyo tahadhari, ndiyo tusi. Anayeamua ni ipi kati ya hizo ni wewe unayeisikia. Mwenzangu aliyekaa raha na nafsi yake anasikia salamu. Mimi nilikuwa nasikia tusi.

Kuna msemo wa wataalamu ambao binti yangu alinisomea, kwamba mtu huendesha gari kama anavyoishi. Waliousema, Tillmann na Hobbs, mwaka 1949 waliwachunguza madereva wa teksi wa mji wa London ulioko Ontario, Kanada, wakawalinganisha wenye ajali nyingi na wasio nazo, na kukuta wale wa ajali nyingi wana matatizo mengi zaidi hata nje ya gari, mahakamani na kwenye madeni. Niliukataa msemo huo pale pale. Mimi sina kesi, sidaiwi, naswali jamaa, wanangu hawajapata kusikia nikimtukana mtu. Binti hakubishana nami. Mama yake ndiye aliyeuliza, "Na mnazi?"

Mnazi wenyewe uko mpakani mwa kiwanja chetu na cha jirani. Mwaka mmoja aliuangua bila ya kuniuliza. Nazi hazikufika ishirini. Sikusema naye miaka mitatu, na kila mtu mtaani alidhani tumekosana kwa ardhi. Haikuwa ardhi wala nazi. Ilikuwa ni kule kutoniuliza. Kwa hiyo ndiyo, niliendesha kama ninavyoishi, ila nyumbani kasi yangu ilikuwa ndogo, na kinyongo cha kimya hakipindui gari. Wiki ile nilikwenda kumpa mkono jirani yangu, na alinikaribisha kahawa kana kwamba alikuwa ameshaitia jikoni siku nyingi.

Tabia yangu lakini si tabia ya kila mtu, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema madereva wabaya wote ni wakali. Nina rafiki yangu tuliyeanza naye kazi. Huyu hajapata kukasirika. Ukimpita anakupungia mkono, ukimzuia anaimba. Amepindua gari mara mbili, na mara zote mbili hapakuwa na mtu aliyemchokoza. Yeye anaupenda mteremko. Kona kwake ni kama pembea za sikukuu kwa watoto: tumbo likipanda juu anacheka. Binti yangu aliniambia watu wa namna hii walichunguzwa na Mmarekani mwingine, Marvin Zuckerman, tangu 1964: watu wanaotafuta msisimko, vitu vipya na vikali, na kuchoka upesi na yaliyozoeleka, na wako tayari kuhatarisha mwili kwa ajili hiyo. Tamaa hiyo hupanda ujanani, hasa kwa wanaume, na kupungua umri unavyokwenda. Abiria walimpenda rafiki yangu kuliko mimi, kwa bashasha zake, nami nilidhani bashasha ndiyo usalama. Sasa najua kwamba mtu anaweza kuwa hana chuki na kiumbe yeyote na bado akakuua.

Tena dawa ya mmoja haimfai mwingine. Mimi naweza kuambiwa, "huenda ana mgonjwa," nikatulia. Rafiki yangu ukimwambia hivyo atakuitikia, na mguu uko pale pale kwenye mafuta. Alihamia Unguja kubeba wageni, na siku moja alinichukua kwenda Paje. Tulipofika msitu wa Jozani, pale penye kima punju wanaokatiza barabara, tukakuta matuta. Yaliwekwa kwa sababu gari zilikuwa zikiwagonga wale kima, na vifo vyao vilipungua. Rafiki yangu alipunguza mwendo mpaka karibu na wa mguu, na nyuma yetu wote wakapunguza, wapole, wakali na wapenda pembea. Nilitamani tuwe na tuta kama lile mbele ya kila jamvi la karafuu.

Baada ya ajali tajiri wa gari alisema nirudi skuli ya udereva. Sikumlaumu, gari ilikuwa yake na hasara ilikuwa yake. Lakini mikono yangu haikukosea kitu. Kukwepa kule kulimwokoa mtoto. Mwaka 1990 James Reason na wenzake wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyaita yote uzembe: kukosea, yaani ulitaka kufanya sawa ukateleza, na kukiuka, yaani ulijua na ukafanya. Mwanafunzi anayezima gari kilimani anakosea, na mwalimu atamfaa. Mimi nilikiuka. Na ujuzi mwingi, kwa mtu kama mimi, ndio uliokuwa ukinipa moyo wa kukiuka.

Wala si mimi peke yangu niliyejiona mahiri. Mwaka 1981 Ola Svenson wa Uswidi aliwauliza wanafunzi wajipange wenyewe kwa ujuzi wa kuendesha. Wamarekani 93 katika kila 100 walijiweka kwenye nusu ya juu, na Waswidi 69. Hesabu haiwezi kukubali, nusu ni nusu. Niliwapelekea wenzangu kituoni swali hilo hilo, tukiwa tumekaa kusubiri zamu. Tulikuwa tisa. Wote tisa tulikuwa nusu ya juu. Nikawauliza, basi hao wa chini wako wapi? Wakanionyesha barabara.

Lakini nitakuwa mwongo nikiyatupia yote kwenye tabia. Kuna hesabu ya tajiri, yaani fedha anazodai mwenye gari kila siku, ambayo lazima ifike jioni, boti ije isije. Nimeona vijana wapole, waliolelewa vizuri, wakiharibiwa na hesabu ndani ya miezi sita. Niliporudi kazini kwa tajiri mwingine, nilikaa naye kwanza tukakubaliana hesabu ndogo kwa siku zisizo na boti. Alikubali, na naamini mapatano yale yaliokoa zaidi kuliko subira yangu yote.

Nilimwomba dada yangu aniruhusu nimchukue tena mpwa wangu. Mguu ulikuwa umepona kiasi chake, na kazi nyingine hakuwa nayo. Dada alisema, "Muulize mwenyewe." Mpwa wangu alikubali kwa sharti. Alisema, "Mjomba, siku ile nilikuita na hukuitika. Sitakuita tena. Nitagonga mara tatu. Nikigonga tatu, unaondoa mguu kwenye mafuta kabla ya kufikiri chochote. Ukishaondoa, fikiri utakavyo."

Mara ya kwanza kugonga tatu ilikuwa Ngwachani, wiki ya pili. Vespa ilitukata mbele, kijana hana hata kofia, na nilihisi mikono inapata joto, kama mtu aliyeshika sufuria. Sikujua kama nimeongeza mwendo. Ndicho kitu kilichonitisha: sikujua. Yeye aliyesimama nyuma alijua kabla yangu, kwa sauti ya injini. Ngo, ngo, ngo. Nikaondoa mguu. Bibi mmoja benchini akauliza nani anashuka. Hakuna aliyeshuka, na tukaendelea, na vespa ikapotea mbele yetu na mambo yake ambayo mimi siyajui.

Mwaka ule wa kwanza aligonga tatu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Wa pili mara chache. Sasa ana gari yake mwenyewe, anaendesha Chake kwenda Wete, na mguu mfupi haumzuii kwenye klachi. Mimi bado naendesha, lakini siku za boti nampa zamu mwenzangu. Sijitii tena kwenye moto kuthibitisha kwamba siungui.

Mwaka jana binti yangu, ambaye sasa ana watoto, alikuja kututembelea, nikamwomba mimi mwenyewe: lete yale maswali. Tukakaa barazani pale pale. Safari hii nilijipa 84. Kwenye gari za polepole niliandika mbili kwa haki yangu. Tulipofika kwenye lile la mtu anayekupigia honi kwa jambo usilolikosea, nilikaa kimya muda. Halafu nikasema nne.

Mke wangu aliinua kichwa akanitazama, na hakusahihisha.